K ya Kenya, U ya Uganda: Mtoto Anavyojifunza Kusoma Nyumbani

Mhadhara kwa wazazi na walimu, Busia



Nimeitwa nizungumze kuhusu mtoto mdogo anayejifunza kusoma nyumbani. Nimefundisha madarasa ya chini karibu maisha yangu yote ya kazi, na kama ningekuwa bado kazini ningekuja hapa na chati na fimbo ya kuonyeshea. Sasa nimestaafu. Anayenifundisha siku hizi ni mjukuu wangu wa miaka sita, na nitaanza na yeye kwa sababu amenionyesha mambo ambayo chuo cha ualimu hakikunionyesha.

Herufi ya kwanza aliyoijua si A. Ni K. Ya pili ni U. Mimi ni Mkhayo, lakini kiwanja nilikipata Malaba nilipokuwa nafundisha upande ule, na nyumba yangu iko kando ya barabara kuu, pale malori yanapopanga foleni yakingoja kuvuka. Siku mambo yakikwama forodhani, foleni hurudi nyuma hadi usiuone mwisho wake, na mbele kabisa unaliona jiwe la Tororo limekaa kimya upande wa Uganda. Mtoto alipokuwa na miaka minne alikuwa akikaa kizingitini kuyatazama malori hayo.

"Kuka," yaani babu, akaniuliza siku moja, "mbona lori hili limeandikwa hivi na lile limeandikwa vile?"

Alikuwa ananyooshea kidole namba za usajili. Nikamwambia hili ni la Kenya, ndiyo maana namba yake inaanza na K. Lile ni la Uganda, linaanza na U. Kesho yake akaja mwenyewe na R. Nikamwambia ni ya Rwanda. Kisha T, ya Tanzania. Kuna watoto wanaojifunza herufi kwa picha ya tofaa ambalo hawajawahi kulila. Wetu wa mpakani wana Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki imeegeshwa mbele ya nyumba.

Baadaye akahamia kwenye maandishi makubwa yaliyo usoni mwa lori. HOWO aliisoma bila taabu: ho-wo. Kilichomkera ni kwamba nilishindwa kumwambia howo ni nini. Halafu ikaja SCANIA. Akasimama kwenye S. Akaitazama C. Akanigeukia kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu, akasema: "Kuka, hii C imepoteza H yake."

Nilicheka hadi nikatafuta pa kukaa. Hakuna mtu aliyekuwa amemfundisha kanuni hiyo. Katika maandishi ya Kiswahili C haitembei peke yake. Utaikuta na H mkononi: cha, che, chi, cho, chu. Mtoto alikuwa ameona chai, chumvi, M-Pesa "chagua", mabango ya chakula kwenye hoteli za madereva, akajitungia sheria. Alipoiona C peke yake aliihurumia.

Hoja yangu yote ya leo imo katika C hiyo. Kabla mtoto hajasoma, sikio lake limeshajaa lugha. Kusoma ni kutafuta mahali ambapo sauti anazozijua zimefichwa ukutani, kwenye pakiti, kwenye lori. Sikio linatangulia, jicho linafuata. Nyumba ikivuruga mpangilio huo, mtoto anateseka bure, na mara nyingi ni sisi wenye nia njema tunaouvuruga.

Nimeingia nyumba nyingi jioni, naijua picha hii. Baba amefika, amevua reflekta, ameketi na mtoto na daftari. Anaonyesha neno MAMA. "Hii ni gani?" "Em." "Na hii?" "Ei." "Endelea." "Em, ei." "Haya, soma lote!" Mtoto anakusanya alivyopewa, anatamka: "Emeiemei." Baba anapandisha sauti. Mtoto anaitwa mzito, na jirani anasikia.

Sasa niambieni, nani alikosea hapo? Mtoto amesoma sawasawa. Amepewa em na ei, amerudisha emeiemei. Angepewa mdomo uliofumbwa, mmm, halafu a, angerudisha ma, na ma mbili zingemfikisha kwa mamake. Wazee waliotuimbisha ba be bi bo bu huku tukipiga makofi hawakuwa wajinga. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja imeshika sauti yake haiiachi. Mtoto akizimiliki hizo tano na konsonanti kumi hivi, anaweza kutamka neno ambalo hajawahi kuliona maishani. Kiingereza hakina huruma hiyo. Leo anaambiwa O inasema hivi, kesho anakutana na "one" na "two", na O imeshabadilisha tabia mara mbili kabla hajafika tatu.

Nisije nikawadanganya kwamba Kiswahili hakina mitego. Kina ng na ng', na kina maneno marefu kama foleni ya Malaba. "Hawakuniambia" ni neno moja, lakini ndani yake mna sentensi nzima. Mtoto anapofika kwenye "mbia" ameshamsahau "hawa" aliyekuwa mbele. Hapo mzazi asimsukume. Arudie neno lote taratibu kwa mdomo wake mwenyewe, mtoto alisikie likiwa zima, kisha arudi kulisoma.

Mtaniuliza vitabu vya kuanzia viko wapi. Tutafika kwenye vitabu. Kwanza twende jikoni.

Juu ya rafu ya nyumba ya kawaida hapa kwetu kuna pakiti ya unga. Huenda imeandikwa SOKO. Silabi mbili nyepesi, kila konsonanti na irabu yake. Ikiisha, huenda wiki ijayo ikaja PEMBE. Hiyo imepanda daraja, kwa sababu ina mb. Kuna mkebe wa mafuta ulioandikwa KASUKU, na mtoto akifungua mkoba wake huenda daftari lake nalo limeandikwa KASUKU. Mjukuu wangu alipogundua hilo alikimbia kutoka chumbani hadi jikoni akiwa na daftari, akaliweka kando ya mkebe, akawa anatazama huku na huku. Neno moja, vitu viwili! Siku hiyo alijifunza kwamba maandishi hayakai na kitu kimoja tu, yanaweza kusafiri. Kisha kuna JOGOO, yenye O mbili zinazovuta sauti. Mkiipanga rafu hiyo kwa utaratibu, SOKO, KASUKU, PEMBE, JOGOO, mna kitabu cha kwanza cha kusoma, na mmekwisha kukilipia.

Kwenye PEMBE nina ugomvi mdogo na baadhi ya walimu wenzangu, mtanisamehe. Wanawapigisha watoto makofi wakisema pem-be. Kiswahili kinagawa pe-mbe. Mtoto wa Kikhayo au wa Kisamia anajua mb tangu yuko mgongoni mwa mamake, sikio lake halimkatii hapo. Sisi ndio tunamkatia, kwa sababu tulisomea Kiingereza kwanza.

Turudi nyumbani kwangu, maana huko ndiko lugha zinakopigana vikumbo. Mwanangu ameoa kwa Wateso. Mjukuu wangu akinisemesha mimi anasema Kikhayo, akienda dukani ni Kiswahili, na akimwita mamake anasema "toto", kwa kuwa kwa Kiteso toto ni mama. Siku moja tulikuwa na kitabu cha darasa la kwanza, tumefika kwenye neno "mtoto". Akaanza vizuri: m... to... to. Akanyamaza. Akasoma tena. Kisha akaita kwa sauti kuelekea jikoni: "Toto! Uko kwenye kitabu!"

Mamake akatoka na mwiko mkononi. Tukalazimika kueleza, sote watatu, kwamba kwa Kiswahili hiyo M ya mbele imemgeuza mama kuwa mtoto. Mtoto alijifunza kuliko ambavyo ningeweza kumfundisha kwa muhula mzima. Toka siku hiyo anazichunguza herufi za mwanzo wa maneno kama askari wa forodha anavyochunguza makaratasi. Mtoto wa lugha moja asingeliona jambo hilo. Kwa hiyo wazazi mnaonijia na hofu kwamba lugha tatu zitamchanganya mtoto, nawaomba mpunguze wasiwasi. Kinachomchanganya ni kudaiwa asome katika lugha ambayo haijakaa sikioni mwake.

Na hili silisemi kwa mapenzi ya lugha tu. Lilipimwa, tena lilipimwa hapa hapa kwetu, na wengi wenu hamjaambiwa. Mwaka 1996, katika wilaya za wakati ule za Busia na Teso, ulianza mradi wa kugawa vitabu vya kiada katika shule za msingi. Shule 100 zilihusishwa, na 25 zilizochaguliwa kwa bahati nasibu zikapata vitabu kwanza, ili zilinganishwe na zile zilizokuwa bado. Wachumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walifuatilia matokeo, na makala yao ikachapishwa mwaka 2009. Kila mtu alitarajia alama zipande. Kwa mwanafunzi wa kawaida hazikupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wako mbele. Sababu waliyoiona ni kwamba watoto wengi hawakuweza kuvisoma vitabu hivyo: viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa wengi wao Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu.

Kitabu kipo mezani na mtoto hakifaidi. Hebu fikirini gharama yake.

Miaka miwili baadaye, 1998, Kremer na Edward Miguel walifuatilia shule 75 za kusini mwa Busia ambako watoto walipewa dawa za minyoo. Utoro ulipungua kwa robo. Alama za mitihani hazikubadilika. Dawa za minyoo ni jambo jema, na mtoto mwenye afya ni baraka, lakini nao utafiti huo unatufundisha kwamba kufika shuleni ni safari moja na kusoma ni nyingine. Kremer alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Sehemu ya heshima hiyo ilichumwa kwenye madawati ya watoto wa Funyula na Budalangi, na sidhani kuna bango popote Busia linalosema hivyo.

Mnajua pia habari ya Uwezo, wale waliokuwa wakibisha hodi nyumbani na karatasi moja ya kusomesha watoto. Wazo lilitoka India, ambako shirika la Pratham lilianza kupima watoto majumbani mwaka 2005. Ripoti za Uwezo za miaka ya 2010 zilisema watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu nchini Kenya ndio walioweza kazi ya darasa la pili. Baadaye, mwaka 2015, serikali ikaanzisha Tusome, kila mtoto na kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza. Ilisaidia, nasema hivyo kama mtu aliyekuwa darasani. Lakini nilichokipenda kwa Uwezo ni kwamba walikwenda nyumbani. Rejista ya shule haisomi.

Sasa nawaona kina mama wa soko. Kuna mmoja amekaa hapo mbele na najua swali lake kabla hajainua mkono, kwa sababu nimeulizwa mara mia: "Mwalimu, mimi mwenyewe sijui kusoma. Nitamfundisha nini?"

Nakujibu, mama. Huku kwetu magharibi mwa Kenya watafiti wakiongozwa na Heather Knauer waliwapa wazazi wa vijijini vitabu vya hadithi vyenye picha, vya mazingira na lugha yao, na baadhi yao wakafundishwa namna ya kukaa na mtoto na kitabu: kumuuliza anaona nini, kumwacha asimulie, kuongeza neno juu ya neno lake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Watoto wa wazazi waliofunzwa walipata msamiati zaidi wa hadithi zile, na watoto wa wazazi wasiojua kusoma walifaidika angalau sawa na wa wale wanaojua, mahali pengine hata kuwapita. Kuuliza swali juu ya picha hakuhitaji cheti. Ukimuuliza kwa Kiteso, au Kisamia, au Kinyala, swali lako ni swali.

Nitawapa mfano mwingine, huu nimeuona kwa macho. Machi 2020 shule zilifungwa pande zote mbili za mpaka kwa sababu ya korona. Kwetu Kenya watoto wote walirudi tarehe 4 Januari 2021. Kwa ndugu zetu wa Uganda, shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili! Barabara moja, soko moja, koo zile zile, lakini mtoto wa huku yuko darasani na binamu yake wa kule anazurura. Upande wa Sofia, Busia ya Uganda, kulikuwa na mama muuza mandazi asiyejua herufi hata moja. Alikuwa akinunua magazeti makuukuu ya kufungia, na Taifa Leo zilikuwemo kwa wingi kwa kuwa zilivuka kutoka kwetu. Kila jioni alimkalisha binti yake mdogo kando ya jiko na kumwambia: "Nisomee kwanza, nisije nikamfungia mtu mandazi kwa habari za msiba." Mtoto alikuwa akisoma kila ukurasa, na mama akiamua huu ndiyo, huu hapana, huu usome tena kidogo hapo kwenye mpira. Kurasa za matanzia alikuwa akizichoma.

Nilipomkuta yule binti shule zilipofunguliwa, alikuwa anasoma kwa kasi kuliko watoto wengi niliowaacha darasani. Na mamake? Bado hajui A. Alichompa mwanawe ni sikio lake, kila siku, na sababu ya kusoma. Mimi nimehudhuria semina nyingi, na sijasikia njia iliyo bora kuliko hiyo.

Kuna jambo wazazi wa mjini hawapendi nilitaje, nalo ni kiburi cha Kiingereza. Mtoto wa miaka mitano anasimamishwa mbele ya wageni akariri shairi la Kiingereza lote bila kukosea, tunampigia makofi. Mpe pakiti ya unga asome, hawezi. Amekariri kama kasuku mwenyewe wa kwenye mkebe. Sikipingi Kiingereza, foleni ile ya malori inaendeshwa kwa makaratasi ya Kiingereza na nataka wajukuu zangu wayasome wasipunjwe. Nasema kije kwa zamu yake, mtoto akishajua kwamba maandishi yanasema kitu. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilishauri watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na ni sisi wazazi tuliokwenda kwa mwalimu mkuu kulalamika.

Na mpaka huu una ushahidi wake wa zamani kwamba sikio linatangulia jicho, hata kwa neno la Kiingereza. Miaka ya 1960 na 1970 vijana wa hapa walibeba watu kwa baiskeli kati ya ofisi za forodha za nchi mbili, wakinadi kwa Kiingereza cha haraka: border, border! Sikio la Busia likalichukua neno hilo, likalipa irabu mahali lilipokosa, likaliandika lilivyosikika. Leo bodaboda ni neno la Afrika Mashariki nzima, na kamusi za Kiingereza zenyewe zimelikopa kutoka kwetu. Hakuna mtoto wa darasa la kwanza anayeshindwa kulisoma: bo-da-bo-da.

Muda wangu umekwisha, naona mwenyekiti ananitazama kwa upole. Najua umeme wa tokeni unaisha, najua kuna nyumba ambazo bado zina koroboi, na kuna kina mama wanaovuka alfajiri na kurudi mtoto ameshasinzia. Siwaombi saa nzima. Naomba dakika kumi na tano, mara nyingi iwezekanavyo kwa wiki, za mtoto kusoma chochote kwa sauti mbele ya mtu mzima aliyenyamaza. Akikosea, usimkatize, mngoje afike mwisho wa mstari. Na usimwite mzito.

Leo jioni, kabla ya taarifa ya habari ya saa moja, mwambie mwanao akuletee pakiti ya unga. Keti naye. Yeye asome, wewe usikilize.